Mgonjwa Huulizwa Uji



Wahenga wetu wa pwani walisema, mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni njema. Aliye dhaifu asichoshwe kwa maswali. Apikiwe, aletewe, alishwe. Kwa msemo huo tumeuguza wazee wetu, tumewatunza waliojifungua, na tumepeleka masinia katika nyumba za misiba. Mwanamke wa Kiswahili akimpenda mtu humwekea chakula mbele, na mtu akikonda mikononi mwake huona kama ametiwa aibu. Lakini mwaka jana, hapa Ruiru ninakoishi, nilimwona mgonjwa ambaye uji wenyewe ulikaribia kumuua, na kupona kwake kulianza siku alipoulizwa. Mgonjwa huyo alikuwa sungura.

Asije akacheka msomaji. Sungura huyo alikuwa amana ya yatima.

Ruiru na Thika ni miji ya bara, kilomita 20 hivi baina yake, takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Sisi watu wa pwani tulioletwa huku na kazi na ndoa tumezoea mengi, ila baridi ya Julai hatujaizoea bado. Katika kaunti hii ya Kiambu kufuga sungura si jambo la ajabu. Utaviona vibanda vya mbao nyuma ya nyumba nyingi. Wengine hufuga kwa ajili ya nyama, wengine huuza hata mkojo wake kuwa mbolea ya mboga, na wengine huwafuga kwa kuwafurahisha watoto tu.

Jirani yangu, mwenyeji wa Malindi, ni katika hao wa mwisho. Mumewe alimnunulia binti yao wa miaka 11 sungura mmoja mweupe kutoka kwa mfugaji wa upande wa Juja. Mtoto akampa jina la Pamba. Kila jioni baada ya Alasiri, baba yule alikuwa akirejea kazini hupita kando ya reli, akate nyasi, azianike kidogo barazani mpaka zinyauke, kisha yeye na binti yake wazipeleke kibandani. Mwezi wa Mei Mola akamchukua. Allah amrehemu.

Mjane akaingia eda, miezi 4 na siku 10. Nyumba ikajaa watu na vyakula, kama ilivyo ada yetu. Wali, mikate, chapati, mahamri, biskuti za watoto wa wageni, yote yalikuwapo, na kila aliyepita karibu na kibanda alimhurumia sungura wa marehemu akamtupia kitu. Kilichokosekana ni nyasi. Hapakuwa na wa kulaumiwa. Aliyekuwa akizikata ndiye tuliyemzika, na mjane hawezi kutoka kwenda kukata majani kando ya reli. Basi Pamba akakonda katikati ya shibe.

Aliyegundua ni mtoto mwenyewe. Alinijia mwanzoni mwa Julai akasema, "Khalati, Pamba amekuwa mwepesi." Kwa kumtazama tu usingejua, kwani manyoya ya sungura huficha mengi. Nilipopitisha vidole mgongoni mwake, uti ulihesabika kama punje za tasbihi, na mifupa ya nyonga ilikuwa imechomoza. Kidevu kilikuwa na unyevu. Kinyesi chake, ambacho kwa sungura mzima huwa vitone vikubwa vya mviringo, vingi, vilivyo sawasawa, kilikuwa kidogo na kikavu. Nikamtazama akila. Alisogea kwenye sahani kwa hamu, akachukua, akatafuna mara mbili tatu, kisha akakiangusha. Hapo nikajua kwamba njaa anayo, ila kula ndiko kunamshinda.

Mashauri hayakukawia. Shangazi yangu wa Mombasa, kwa simu, alisema, "Mwanangu, mnyama ni halali, mchinjeni kabla hajafa kibudu." Jirani wa pili akashauri maziwa na uji wa wimbi. Muuzaji wa agroveti akatoa pakiti ya dawa na unga wa kunenepesha, bila ya kumwona mnyama. Mjane alituitikia kutoka chumbani kwake kwa utulivu: "Aliyempa mtoto hayupo. Lisifanywe lolote ila kwa idhini ya mtoto." Na mtoto alikuwa na neno moja tu: "Baba aliniambia nimtunze."

Tukampeleka Thika kwa daktari wa mifugo, mimi na binti yule, Pamba akiwa ndani ya kikapu kilichotandikwa kitambaa na kufunikwa kanga asishtushwe na makelele ya matatu. Daktari alimpima uzito kwanza: kilo 1 na gramu 920. Kwa umri wake wa miezi 6 hivi na aina yake ya mchanganyiko, alitarajia kilo 2 na nusu au zaidi. Kisha akaanza kuuliza. Anakula nini? Tangu lini? Anapenda nini na anakiacha nini? Kinyesi chake kikoje? Maswali yalikuwa mengi kuliko ninayoulizwa mimi nikienda kwa daktari wangu. Baada ya hapo akachungulia kinywani kwa kijitochi chenye mdomo mwembamba, akatuonyesha.

Meno ya sungura hayakomi kukua maisha yake yote. Yale ya mbele huongezeka kwa milimita 2 hadi 3 kila wiki, na magego nayo hukua pia. Mwenyezi Mungu amempa njia ya kuyapunguza, nayo ni kutafuna nyasi saa nyingi kila siku, kwa taya linalokwenda upande kwa upande kama jiwe la kusagia. Mkate na wali havina kazi hiyo. Vikitawala sahani, magego hayasagiki sawasawa, huota ncha kali. Ya chini huchoma ulimi, ya juu huchoma shavu. Ndicho kilichomkuta Pamba. Kila alipotafuna, alijikata. Kinyesi chake kilipopimwa kikaonekana pia kina vijidudu vya koksidia, maradhi ya matumbo yanayowasumbua sana sungura wadogo na waliodhoofika.

Daktari akatueleza jambo la pili, ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Sungura hakuumbwa kama sisi. Hawezi kutapika, kwa hiyo kilichoingia lazima kipite chote. Mwanzoni mwa utumbo wake mpana pana mfuko mkubwa kupita hata tumbo lake, na humo wanaishi bakteria wema wanaovundisha nyuzi za majani na kuzigeuza chakula. Baadhi ya chakula hicho hutoka, mara nyingi usiku, kwa sura ya vishada laini, naye huvila papo hapo vinapotoka. Si uchafu wala si wazimu. Ni riziki yake, asizuiliwe. Sasa mfuko huu ukimiminiwa wanga na sukari, bakteria wabaya hushamiri, gesi hujaa, sumu hutoka, na mnyama huweza kufa kwa kuhara katika muda mfupi. Kwa hiyo anayetaka kumnenepesha sungura haraka kwa ugali, mahindi, mkate au ndizi mbivu hamwongezei mwili, anamharakishia kaburi. Haraka haraka haina baraka, na hapa methali hiyo si ya kupambia maneno.

Pamba alitiwa nusukaputi, ncha za magego zikasuguliwa, akapewa dawa ya maumivu na dawa ya koksidia kwa kipimo cha uzito wake. Ile pakiti ya agroveti daktari aliisoma akaiweka kando. Alituambia kuwa dawa za jamii ya penisilini, zile tunazozijua sote majumbani, akipewa sungura kwa mdomo huua wale bakteria wema na zinaweza kumuua yeye mwenyewe. Nawasihi kina mama wenzangu, msimpe mnyama huyu kidonge kilichobaki kabatini.

Tukarudi Ruiru na kazi ikaanza. Siku za kwanza alikuwa bado anaogopa kutafuna. Sungura akipitisha saa 12 bila ya kula, hiyo ni dharura: matumbo husimama, na ini huanza kuharibika. Basi tulilowesha vidonge vya chakula cha sungura katika maji ya uvuguvugu, tukavisaga vikawa rojo, tukamlisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Bomba huingizwa pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, na mnyama huketi kama kawaida yake. Halazwi chali, asije akapaliwa. Daktari alitupangia mililita 10 kwa mlo, mara 4 kwa siku, na akatuonya kwamba tumbo likiwa gumu au limevimba tusimlishe kwa nguvu, tumrudishe kwake. Binti ndiye aliyeshika bomba. Mimi nilimshika Pamba.

Nyasi zikawa mbele yake usiku na mchana. Mume wangu alinunua robota la nyasi kavu za Boma Rhodes, zile zinazouzwa kwa wafugaji wa ng'ombe. Robota moja linamtosha sungura mmoja muda mrefu. Tulichagua zenye harufu nzuri na rangi ya kijani iliyopauka, zisizo na ukungu wala vumbi. Kati ya kila sehemu 10 za chakula chake, 8 ziwe nyasi. Kwa kuwa alikuwa bado anakua na amedhoofu, daktari aliruhusu tuchanganye na lusini kavu kidogo, maana ina protini nyingi, kisha tuipunguze akishapata mwili. Vidonge vikavu tuliviongeza kijiko kwa kijiko kwa muda wa siku 10. Majani mabichi yakaja baadaye, aina moja kwa siku kadhaa, huku tukiangalia kinyesi. Mchunga, ambao sisi wa pwani tunaula kwa wali, unaota huku pia, na Pamba aliupenda kuliko yote.

Yapo ya kuepuka. Majani ya mparachichi ni sumu kwake, na miparachichi imetuzunguka pande hizi. Magugu ya karibu na mashamba yaliyopuliziwa dawa hayafai, wala ya ukingo wa barabara kuu yenye moshi. Majani yaliyolowa mvua huanikwa kwanza, kama alivyokuwa akifanya marehemu. Kibanda tukakiinua kutoka chini, tukakiziba upande wa upepo, tukamwekea sanduku la mbao lenye nyasi kavu, kwani mwili uliokonda hutumia chakula chake kujipasha moto badala ya kujijenga. Ndugu zangu wa Mombasa na Lamu wana tahadhari nyingine: sungura mzima huvumilia baridi kavu kuliko joto, na likipita nyuzi 30 yumo hatarini. Huko kwenu hahitaji sanduku la nyasi, anahitaji kivuli, hewa na maji baridi.

Uzito tulipima mara mbili kwa wiki, asubuhi kabla ya vidonge, kwa mizani ya jikoni na beseni la plastiki. Binti aliandika katika daftari la shule. Wiki ya kwanza Pamba alishuka, akafika kilo 1 na gramu 880. Mtoto aliitazama ile nambari akanyamaza, na usiku ule hakula. Nilimpigia daktari simu. Akaniuliza juu ya kinyesi; nikamwambia kimekuwa kikubwa na kingi. Akasema, "Basi matumbo yanafanya kazi. Mwili utafuata." Wiki ya pili ilisoma kilo 1 na gramu 910. Ya nne, kilo 2 na gramu 60. Ya nane, kilo 2 na gramu 480. Hakuna siku aliyoruka kwa kishindo. Alipanda kama maji ya bamvua yanavyopanda ufukweni, usiyaone yakienda ila utazame nyuma.

Katika wiki hizo nililiona jingine. Binti naye alikuwa amepungua tangu msiba. Kila mgeni alimjazia sahani, na kila sahani ilirudi nusu. Siku moja, tukiwa tunapima Pamba, nilimwuliza taratibu kwa nini hali chakula cha usiku. Hakuzunguka. Alisema walikuwa wakila pamoja na baba baada ya Magharibi, wakishatoka kibandani, na sasa nyumba ina watu wengi na yeye anakula peke yake na watoto wasiomjua. Nilimfikishia mama yake. Tangu jioni ile, mjane alikuwa akimwita binti chumbani kwake baada ya Magharibi, wakala wawili katika sahani moja. Sikuona daftari la uzito wake yeye, lakini shavu lilirudi. Masinia yetu yalikuwa mazuri, na thawabu ya waliyoyaleta iko kwa Mola wao. Ila mtoto hakuwa na njaa ya wali.

Hapo ndipo ninapoona methali yetu inahitaji ndugu yake. Mgonjwa haulizwi uji ikiwa kumuuliza ni njia ya kumnyima. Lakini aliyekonda na chakula kipo, huyo aulizwe, na kama hana ulimi, ulizeni mwili wake: meno, kinyesi, kidevu, mgongo, namna anavyosogea kwenye sahani na namna anavyoiacha. Kukonda ni dalili, na dalili hutibiwa kutoka chini.

Imepokewa kwamba Mtume wetu (S.A.W.) aliingia katika bustani ya mtu mmoja wa Answari, akamkuta ngamia aliyemlilia. Mtume akampangusa mpaka akatulia, akauliza ni wa nani, kisha akamkumbusha mwenyewe amche Mwenyezi Mungu kwa mnyama huyo, kwani alikuwa amemshtakia kwamba anamweka na njaa na kumchosha. Mtume alifahamishwa malalamiko yale. Sisi hatukupewa elimu hiyo, kwa hiyo wajibu wetu wa kuchunguza ni mkubwa zaidi. Na wanazuoni wa fiqhi wameiweka nafaka ya mnyama anayefugwa miongoni mwa wajibu wa mwenye kumiliki. Anayemnunulia mtoto sungura wa Idi ajue kuwa amenunua pamoja naye nyasi za kila siku na nauli ya kwenda kwa daktari.

Wapo jamaa zetu walioko Ulaya ambao watoto wao hufuga chinchila, mnyama mdogo mwenye manyoya laini, asili yake milima ya Andes huko Amerika Kusini. Mmoja wao alinipigia simu aliposikia habari za Pamba, kwani wake pia alikuwa anapungua. Kanuni ni zile zile: meno yasiyokoma, utumbo unaotegemea nyuzi, na hatari ya sukari, zabibu kavu na karanga anazopewa kwa huruma. Tofauti ni kwamba chinchila mzima huwa na gramu 400 hadi 800 tu, basi kupoteza gramu 40 kwake ni jambo la kumpeleka kwa daktari, si la kungojea.

Kwa ufupi, dada zangu, mkimwona mnyama wa aina hii amekonda, kwanza mpimeni na muandike, maana jicho la mapenzi hudanganya. Pili, mpelekeni kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, akatazame magego na kinyesi kabla ya chakula kubadilishwa. Tatu, nyasi kavu na maji safi visikosekane hata saa moja. Nne, kila jipya liingie kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10. Tano, akiacha kula kwa nusu siku, msingoje kesho.

Jirani yangu alimaliza eda yake mwezi wa Septemba. Jambo la kwanza alilofanya baada ya kutoka ni kumzuru mzee mgonjwa wa mtaa wa pili. La pili, alimfuata binti yake kando ya reli na mundu mdogo. Siku hizi huenda wenyewe.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kulisha kwa elimu kama tulivyo wenye kulisha kwa huruma, na awahifadhi mayatima wetu na kila walichoachiwa. Amin.